Ombi la Kuufunika Mlima Wanale Jumapili Jioni

Mpumudde, Jinja

Kwa Bwana Msimamizi,
Bustani ya Mivule,
Mbale.

Bwana Msimamizi mheshimiwa,

Pokea salamu nzito kutoka Jinja. Kabla ya yote, ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati. Mimi Jafar, dereva mstaafu wa malori ya jeshi, nimepata mchumba palepale mjini kwenu, mtaa wa Nkoma. Jina lake Mastula, mjane, mama wa mtoto aitwaye Ramlah, fundi wa kushona ambaye wake za wakubwa wanapanga foleni mlangoni kwake. Nyinyi wanaume wa Mbale mmemzunguka miaka yote hiyo mkashindwa. Mimi nimekuja Jumapili moja tu, nikatembea naye kidogo bustanini mwako, na moyo wake ukanikubali papo hapo. Umebaki mdomo tu. Na huo mdomo, bwana, umezuiwa na mlima wenu.

Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nimeendesha lori mpaka Juba, nimekula vumbi la Mogadishu, nimelala Kisangani kwa watu wasionijua na asubuhi wakalia nilipoondoka. Milima nimeiona mingi, na yote ilikaa mbali kama watu wenye adabu. Wa kwenu ndio wa kwanza kuniingilia mazungumzo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlima unaonekana kutoka kila mahali. Tulikaa benchi la kwanza, upo. Tukahamia lile la karibu na bomba, upo. Tukauzunguka ule mti mkubwa, nikajua sasa tumeupoteza, kumbe umetutangulia. Kule kwetu Jinja tuna mto Nile. Mto una heshima: unapita, unakwenda zake Misri, hausimami kusikiliza watu wazima wakiongea.

2. Mlima unajipamba kupita kiasi. Mvua ikishanyesha, maji yanateremka kwenye yale majabali kama nyuzi nyeupe. Sasa mwambie fundi wa kushona asitazame nyuzi! Nilikuwa nimeshafika kwenye maneno "Mama Ramlah, mimi na wewe si watoto," akanikata: "Afande, hebu ona yale maji." Nikayaona. Nilipomaliza kuyaona, sentensi ilikuwa imepotea na mpaka leo haijarudi.

3. Faizal, mpiga picha wa hapo bustanini, alituita tupige picha ya ukumbusho, kisha akaniambia mbele ya mwanamke: "Mzee, sogea kushoto, unaziba mlima." Mimi! Nimevaa koti la Nairobi lenye vifungo vya dhahabu, naambiwa naziba! Nikasogea. Akasema bado. Nikasogea mpaka nikakanyaga maua, mlinzi wako Mafabi akanipigia filimbi. Picha naiambatanisha hapa kama ushahidi.

4. Huyo Mafabi nilimweleza shida yangu kiume. Badala ya kunisaidia akacheka, akasema, "Afande, mlima ulikuwepo kabla yako. Wanaume wa hapa wanachumbia huku wanautazama. Wewe unaogopa nini?" Hilo neno la kuogopa naomba alifute kwa maandishi. Mtu aliyevuka daraja la magogo na lori limejaa mafuta ya ndege hawezi kumwogopa mwanamke mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni.

Tafadhali usidhani haya ni mchezo. Kwetu Waislamu msichana akinyamaza tunahesabu amekubali, lakini mjane hasemewi. Lazima atamke kwa mdomo wake mwenyewe. Bila neno lake siwezi kutuma wazee. Na kaka yake, Haji Ridwan, ametangaza kwamba mwezi huu ukiisha anataka kusikia mwanamume mwenye nia. Yuko mwuza friji mmoja wa Tororo, ana gari, ana kitambi, na maneno hayamwishii. Huyo akimpeleka Mastula matembezi, atampeleka mahali pasipo na mlima. Mjanja sana yule.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

(a) Mlima ufunikwe kwa turubai Jumapili ijayo, kuanzia alasiri mpaka magharibi. Turubai za malori nazijua. Zikiunganishwa nyingi zinatosha. Fundi wa kuziunganisha yuko Nkoma, ila asiambiwe ni za nini.

(b) Ikishindikana, mabenchi yote yageuzwe yatazame ukuta wa choo. Kati yangu na ukuta wa choo, nina matumaini.

(c) Ikishindikana hata hiyo, mlima usukumwe uende Kenya. Nusu ya Elgon, mlima mkubwa ambao huu ni tawi lake, wanayo tayari. Huu wauchukue kama nyongeza ya sokoni. Mimi nitaendesha.

Nisalimie wafanyakazi wote wa bustani. Msalimie Nakisige anayekaanga chapati pale langoni, aliyemwongezea Mastula yai bila kuombwa. Faizal naye msalimie, hana kosa, kiburi ni cha kamera. Mafabi asalimiwe akishafuta neno. Hata huo mlima uambie Jafar hana chuki, anataka nafasi tu.

Ni mimi ninayengoja turubai,

Jafar wa Mpumudde,
Dereva Mstaafu na Bwana Harusi Mtarajiwa.

Tanbihi: Picha nimeitoa kwenye bahasha. Nimeitazama tena kabla ya kubandika stempu, nikaona itanishitaki mwenyewe. Nyuma yetu hakuna mlima. Siku ile mawingu yaliufunika tangu asubuhi mpaka tunaagana, wala hayakuhitaji turubai ya mtu. Yale maji niliyaona Jumapili nyingine, maana zilikuwa nyingi, nikizunguka peke yangu na kufanya mazoezi ya maneno. Faizal alichosema ni, "Mzee, sogea karibu na mama, leo hakuna cha kuziba." Kwenye picha Mastula ananitazama mimi. Mimi natazama viatu.

Kisha akaniambia, "Afande, leo hata mlima haupo. Basi ongea wewe." Nikamwambia mvua inakuja, nimtafutie boda.

Lile neno la Mafabi asilifute. Mastula hajanikubali, bwana. Sikumwuliza.