Maktaba za Pamoja Zahamia kwa Katibu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Shajara yangu, pokea salamu na heshima. Niwie radhi kwa ukimya wa siku kumi na moja. Nilizuiwa na mafua pamoja na hofu. Hofu ilizidi. Chama chetu cha kuzikana, hapa Ngenge, kimemruhusu Karugendo, katibu msaidizi, kutumia kompyuta yangu ya Linux. Yangu! Yaani, ya chama. Mkutano ni Jumamosi. Anautaka ukatibu wangu, naona.

Jumanne, 15 Julai
Nimesoma kitabu cha maelekezo. Programu zote hutegemea mafaili yaitwayo maktaba za pamoja, nayo hukaa peupe katika /usr/lib. Ajabu! Sufuria za msiba nazo ni za pamoja, lakini hukaa stoo kwangu, na azitakaye hubisha hodi. Basi nimezihamishia maktaba hizo /home/lwakatare, folda yangu binafsi. Karugendo na abishe hodi.

Saa tisa. Hakuna programu inayofunguka. Nimetoa amri ya kuzirudisha. Imekataa, kumbe amri yenyewe hutegemea maktaba hizo hizo! Orodha ya wanachama imo humo, nakala sina. Ikipotea, nitafukuzwa. Mgane asiye na chama, nani atamzika?

Jumatano, 16 Julai
Nimeipakata kompyuta kama mgonjwa hadi Nyanga, kwa mwalimu Nuriat, binti wa marehemu rafiki yangu Hafidhi. Nilimwomba radhi mara nne. Akauliza nani kaharibu. Nilisema huenda ni umeme. Akaiwasha kwa flashi yenye mfumo wake yenyewe, akatazama, akacheka mpaka ushungi ukamponyoka.

“Baba, umeme umejuaje jina lako? Maktaba zote zimo kwenye folda ya Lwakatare.”

Akanieleza kwamba programu hazibishi hodi. Hutafuta mahali palipokubaliwa tu: za mfumo /usr/lib, za kujiwekea mwenyewe /usr/local/lib. Majumbani mwa watu haziingii. Amezirudisha. Orodha ipo. Nimelia kidogo, samahani.

Jumamosi, 19 Julai
Nimebaki katibu. Karugendo amenisifu mbele ya wote, akaomba tu nimfundishe kompyuta. Amenisifu! Ana hila gani? Hata ebitooke, ndizi zetu za kupika, zimenishinda kumeza.

Jumapili, 20 Julai
Nimetafakari baada ya Misa. Kosa langu lilikuwa kuzihamisha zote. Nitahamisha moja tu.
Barua ya shukrani kwa Nuriat ataichukua Anatory, kondakta wa basi la asubuhi. Nimemsihi pia amuulize, kwa unyenyekevu, kama Jumanne atakuwepo nyumbani.