Mjozi wa Golandam

Jumanne, 20 Shahrivar
Dharau! Na imeletwa pamoja na chai, ili niimeze vizuri. Mke wangu Golandam kanitangazia kwamba kokwa za jozi za mwaka huu ni za mchuzi wa fesenjan, kwenye harusi ya mjukuu wetu Nastaran. Mti wenyewe, mjozi, ni wake, aliachiwa na baba yake. Hanipi nafasi ya kusahau. Nikiziharibu tena, ufito wa kupigia matawi jozi zianguke anapewa kaka yake, Heybat, na mimi nitautazama mti huo kama mgeni mpaka nife. Eti "tena"! Mwaka jana nilizitia guniani na maganda yake, nikazisitiri pembeni pa zizi. Zikaota ukungu. Ukungu niliuleta mimi?

Jioni kaja Heybat mwenyewe. Akatazama juu kama daktari anayechungulia koo. Eti ganda la kijani halijapasuka, tusubiri Shahrivar uishe, mwezi wa Mehr uingie. Nikamwambia kunguru hawasubiri mwezi. "Basi panda ukae nao, shemeji," akasema, "mtaelewana." Golandam kacheka mpaka kapaliwa na kipande cha sukari alichokuwa akimumunya na chai.

Jumatano, 21 Shahrivar
Golandam yuko kwa dada yake. Nimepiga matawi yote ya upande wa kijito. Jozi zimegoma. Nimezicharaza hadi zikashuka, pamoja na majani, pamoja na tawi moja zima ambalo kwa maoni yangu lilikuwa limekufa siku nyingi. Nusu ya mti!

Lakini maganda hayatoki. Yameng'ang'ania kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau. Nimejaribu kisu. Nimezirukia kwa viatu vya mpira, nikateguka. Ndipo akili ikashuka: mashine ya kufulia! Maji yapo, mzunguko upo, msuguano upo. Wasomi walikuwa wapi siku zote? Ilinguruma kama punda anayeteremka ngazi. Zimetoka bado zimevaa matambara, lakini zimetoka. Nimezificha darini. Kazi imekwisha, Heybat hata viatu hajavaa.

Alhamisi, 22 Shahrivar
Mikono myeusi hadi viwikoni. Sabuni, majivu, limau, mtindi. Kilichobadilika rangi ni mtindi. Hapa kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua mikono ya namna hii imemenya jozi, na mwezi huu hakuna anayemenya ila mwizi au mjinga. Mimi si mmoja wao. Kwa hiyo nimechemsha maganda nikapaka ndevu. Sasa sababu ipo: babu kajirembesha kwa ajili ya harusi, rangi ikamchafua mikono. Nani atapinga?

Golandam kauliza anayefunga ndoa ni mjukuu au ni babu. Nastaran, mtoto mwenye adabu, kasema nimerudi ujanani, ila masharubu yana kijani kidogo. Heybat kapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta: "Hongera, bwana harusi! Na bibi harusi wako ameshakuona, au bado mnamficha?" Nikaenda kunawa. Kidevu kilikuwa kinawasha.

Jumamosi, 24 Shahrivar
Msiba. Golandam kafua shuka nyeupe za harusi ya Nastaran. Zimetoka na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Akaingiza mkono ndani ya mashine, akatoa jozi moja. Hakusema neno. Anaposema sina hofu. Anaponyamaza natafuta kofia yangu. Akapanda darini moja kwa moja, kama aliyeonyeshwa njia.

Akaipasua moja mbele ya macho yangu. Kiini kimesinyaa kama sikio langu (maneno yake). Nikamweleza kwamba zingenenepa kama zingeachwa kidogo. Akauliza, ziachwe wapi, mtini? Swali la hila hilo! Ufito ukavuka ukuta kabla ya adhuhuri.

Nastaran kazililia zile shuka. Hilo limeniuma, sikatai. Nikamwambia rangi ile inaficha uchafu. Kazidi kulia. Fundi wa mashine ile ana la kujibu mbele ya Mungu.

Jumapili, 1 Mehr
Heybat kapanda. Anagusagusa tawi kama anayemwamsha mama mkwe, na jozi zinaanguka zenyewe, uchi, maganda yamebaki juu yamefumbua midomo. Bahati tu! Nilisimama chini kumwelekeza. Moja ikanipata utosini. "Samahani, shemeji," akasema, "nilidhani imeiva." Wote wakacheka, hata bibi harusi.

Wameziosha kwenye beseni siku hiyo hiyo, wakazitandaza juu ya mikeka chumba cha juu, kivulini, dirisha wazi. Nusu ya mti tu, inatosha harusi bila hata punje ya ziada. Golandam kanipa kazi: kuzigeuza asubuhi na jioni. Zikifika salama kwenye sufuria, mwakani ufito ni wangu. Kazi ya kuku hii! Nimekubali kwa heshima.

Jumatano, 4 Mehr
Nimegeuza. Nimegeuza tena. Ziko vile vile. Upepo wa dirishani ni mvivu kuliko karani wa serikali. Heybat anasema subira. Mwanamume huyu angesubiri hata yai limsalimie.

Wanawake wamekwenda mjini kutafuta shuka. Wameoka mkate kabla ya kuondoka, na tanuri limebaki na moto mzuri, unapotea bure. Kitu kinachokausha unga mbichi kwa muda wa kuvuta sigara kitashindwa na jozi? Nimezimimina zote. Nimefunika. Naandika haya nimekaa hapo hapo kando, kwa sababu mimi ni mtu mwangalifu.

Harufu nzuri sana. Mafuta yanachemka kwa sauti, dalili njema. Sasa kuna moshi, lakini ni moshi mwembamba, wa heshima. Sasa umeacha heshima.

Heybat huyo, kauruka ukuta na ndoo ya maji, anakuja mbio. Mtu wa ajabu! Mimi ndiyo kwanza nimezikausha, yeye anataka kuzilowesha.