Zimwi Mpiga Ngoma Apewa Macho

Simameni kidogo, enyi mpitao na vikapu vyenu, nanyi mnaongoja maji yachemke, vuteni kiti; hakuna kitakachoungua. Hapa itasimuliwa habari ya vita vilivyopiganwa asubuhi ya Jumamosi juu ya meza ya kulia chakula, kati ya mtu mzima mwenye miwani na zimwi lenye kimo cha kidole gumba, na jinsi rangi ya manjano ilivyomwagika, ingawa haikuwa nyingi. Ewe Mkono Usiotulia, uliyekuwapo tangu mwanzo wa mkasa huu hadi mwisho wake, lete maneno. Na ukitetemeka katika kusimulia kama ulivyotetemeka katika kutenda, wasikilizaji watakuvumilia.

Shujaa wetu aliitwa Mwalimu wa Usukani, Bwana wa Breki ya Pili, Mtuliza Waoga, kwa maana kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Miaka nenda miaka rudi aliketi kiti cha pembeni, mguu juu ya ile breki ya mwalimu, akiwaambia wanafunzi wake, "Pumua. Usikaze mkono. Gari halikuli." Mashujaa wa kale walishika mikuki, yeye alishika brashi yenye unywele mwembamba kuliko kope. Wao walivaa deraya. Yeye alivaa aproni ya mkewe yenye maua, kwa sababu mkewe alitangaza kwamba rangi ya mafuta haitoki kwenye shati na hakuna atakayeifua.

Na jeshi lililosimama mbele yake halikuwa lake. Lilikuwa la marehemu kaka yake, fundi redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mawimbi. Huyo ndiye aliyenunua, katika duka la vitu vya kale lililokuwa likifungwa, sanduku la sanamu ndogo za madini ya risasi: wachawi wenye fimbo, vibwengo wenye mapanga, joka moja lililokatika mkia, na kikosi kizima cha mazimwi. Pamoja nazo alipata vikopo vya rangi ya mafuta vilivyotengenezwa miaka ileile sanamu zilipotengenezwa, akaapa kwamba rangi nyingine haitazigusa. Watu walipomwambia kuna rangi mpya za maji, zinakauka upesi na hazinuki, alijibu, "Huwezi kumvalisha babu yako suruali ya kubana. Mpe nguo za rika lake."

Tena alikuwa na sheria nyingine: macho mwisho. Kila sanamu aliipaka viatu, mkanda, ndevu na kucha, na macho akayaacha hadi kila kitu kikauke. "Zimwi likipata macho litaanza kunisimamia," alisema. "Nami sipendi kusimamiwa."

Ugonjwa ulimchukua akiwa amebakiwa na sanamu moja. Ilikuwa ya zimwi mpiga ngoma: mashavu ya kijani, ngoma nyekundu, kucha nyeusi zilizopakwa moja moja, na mahali pa macho patupu. Mdogo wake, shujaa wetu, akalichukua lile sanduku, akaahidi mbele ya watu kwamba atalimalizia, kisha akaliweka juu ya kabati na kuanza kampeni ndefu ya kutolitazama. Sababu hakumwambia mtu. Zimwi likiwa halina macho, kazi ya kaka yake ilikuwa bado inaendelea. Ni kama ametoka kidogo kwenda kutafuta waya.

Lakini siku ile shemeji yake, mjane wa Fundi Mawimbi, alikuwa akihamia mji wa mbali na binti yake, na lori lilikuwa njiani. Jeshi lingeondoka naye. Ama mpiga ngoma aende akiona, ama aende kipofu, na ahadi ife pale mlangoni.

"Enyi malaika wa tapentaini!" alinguruma shujaa, akiinua kikopo cha manjano ambacho kingetosha ndani ya kizibo cha chupa ya maji. "Leo kifuniko hiki kitafunguka, au mkono huu utabaki umekishika milele!"

"Kisibaki kimeshikwa juu ya meza yangu," alisema mkewe kutoka jikoni. "Wageni watakula wapi?"

Kifuniko kiligoma. Shujaa alikizingira kwa sarafu, akakivamia kwa kijiko, akakirudia kwa bisibisi, akirudi nyuma mara kwa mara kuomba msaada wa kitambaa, mpaka ngome ile ilipotoa sauti ya *tk!* na kuanguka. Ndani akaona utando mgumu, uliokunjamana kama wa maziwa yaliyosahaulika. Rangi hiyo haiuzwi tena popote, na mazimwi wote wa jeshi lile walipata macho kutoka kikopo hikihiki.

"Imekufa," alisema kwa sauti ndogo, bila ngurumo.

Mkewe alikuja akachungulia, akafuta mikono. "Umeitoboa?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje?"

Akautoboa kwa njiti ya kiberiti. Na chini ya utando, enyi wasikilizaji, manjano ilikuwa hai, nzito, iking'aa kama jua lililofungiwa koponi. Shujaa aliikoroga taratibu, akaongeza tone la tapentaini, na chumba kizima kikajaa harufu ya karakana ya kaka yake. Alilazimika kuvua miwani akaifuta, akisingizia mvuke.

Jicho la kwanza alilipaka bila kupumua. La pili akalipaka akipumua kidogo. Yalitulia mahali pake, manjano safi, na Mwalimu wa Usukani akajipiga kifua, akatoa hotuba kwa joka lisilo na mkia kuhusu ustadi wa ukoo wao. Kisha alingoja rangi ishike, akachovya ncha ya sindano katika rangi nyeusi, kwa ajili ya mboni.

Mboni ya kushoto ilikaa. Akavuka kwenda ya kulia. Sindano ikaanza kuyumba, ikielekea pua. Na hapo mguu wake wa kulia ukafanya kile ulichofanya kila siku kwa miaka yote mwanafunzi anapoelekea mtaroni.

Ukakanyaga breki.

Haikuwepo breki. Palikuwa na mguu wa meza. Meza iliruka, matone ya manjano yakamwagika, vibwengo watatu wakaanguka kifudifudi, na mboni ikatua kwenye kona ya jicho, ikitazama sikio.

"Si wewe unayewaambia watu wasikaze?" aliuliza mkewe, akiinua vibwengo.

"Sikukaza! Nilisimamisha!"

"Umesimamisha meza?"

"Mama watoto, nyamaza, nimemharibu!"

Mkewe akaweka vibwengo chini taratibu, maana aliona uso wake. Zimwi lilikuwa na makengeza. Dawa yake ilijulikana: kitambaa chenye tapentaini, na jicho lingefutika. Lakini tapentaini haichagui. Ingeondoka na jicho, iondoke na lile shavu la kijani lililo chini yake, na shavu lile ndilo lililokuwa la mwisho kuguswa na mkono wa Fundi Mawimbi. Shujaa alikaa na kitambaa hewani. Nje, lori lilipiga honi.

"Kaka aliwezaje?" alinong'ona. "Niletee lensi yake ya kukuzia, nione alivyokuwa akiyaweka macho."

Akamchukua zimwi mwenye rungu, akamsogeza dirishani, akaweka lensi. Akatazama muda mrefu. Akamweka chini, akamchukua mwenye mkuki. Akamchukua mwenye gunia. Kisha akawachukua wengine wote, mmoja baada ya mwingine, na mabega yake yakaanza kutikisika, hata mkewe akadhani analia, na kwa kweli alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Njoo uone. Njoo uone kaka yangu!"

Mazimwi wote walikuwa na makengeza. Huyu alitazama pua yake, yule aliangalia madirisha mawili kwa wakati mmoja, na mkuu wao, mwenye taji, jicho moja lilikuwa likikagua nyusi. Bingwa aliyetisha mtaa kwa sheria zake, aliyewacheka watu wa rangi za maji, hakuwahi hata mara moja kupatia mboni ya kulia.

Shemeji aliingia akiwa na kitambaa cha kazi kichwani na vumbi la maboksi mikononi. "Shemeji, dereva ananikimbiza. Umeliweza au hukuliweza?"

Mwalimu wa Usukani aliweka kando kitambaa cha tapentaini, akasimama katika aproni yake ya maua. "Shemeji, mpiga ngoma amepewa macho."

Akampa lensi. Mjane aliinama juu ya jeshi zima lililopangwa mezani, akatafuta, akarudi mwanzo wa mstari. "Mbona yote yanafanana? Lako ni lipi?" Kisha akacheka kicheko ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu mazishi. "Eh! Kumbe ndiyo maana nilikuwa nikihisi yananiangalia mimi na sufuria pamoja! Na yeye alikuwa ananiambia ni ukali wa vita!"

"Ni ukali wa vita," alisema shujaa.

"Haya, funga. Funga vizuri, yule mtoto atayahesabu."

Naye akawafunga kwa pamba na karatasi laini, mmoja mmoja, na wa mwisho akawa mpiga ngoma, ambaye rangi yake ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo alimkabidhi shemeji mkononi, amshike wima safari nzima. Na iandikwe, isomwe, itangazwe kwa wote wenye masikio, kwamba Jumamosi ile, kabla ya chakula cha mchana, kikosi cha mazimwi cha Fundi Mawimbi kilikamilika, kikaondoka na bendera zote mbele, kwenye kiti cha pembeni cha lori la mizigo, kila askari akitazama anakokwenda na anakotoka.