Kopo la Vifungo

Jumatatu, 3 Machi
…na ndiyo maana sikumwambia mume wangu kabla ya harusi. Utamwambiaje fundi cherehani kwamba unaogopa vifungo? Wiki tatu za ndoa, na bado akikohoa tu moyo wangu unadunda. Leo kasema ananishonea gauni. La buluu. Vifungo kumi na viwili mgongoni. Nikasema nimefurahi. Mwili ukasisimka, na si kwa mapenzi.

Jumanne, 4 Machi
Saluni, nimesoma jarida kuukuu. Kumbe kila hofu ina jina. Ya buibui, araknofobia. Ya mahali finyu, klaustrofobia. Yangu ni kumpunofobia! Nimeliandika kiganjani. Msusi akauliza kama ndilo jina la mtoto, mbona mapema hivyo.

Jumatano, 5 Machi
Mpango umeiva. Nimemwambia mume wangu kwamba dada yake, wifi yangu anayekuja Jumapili, ana kumpunofobia na anaona haya kusema. Tumhurumie, kifungo kisionekane humu ndani. Akanitazama sana. Macho yale jamani. Akalibeba kopo lake la vifungo hadi dukani kwake. Nina akili mimi.

Jumapili, 9 Machi
Wifi kaja na koti la vifungo toka shingoni hadi magotini. Vikubwa kama visosi. Akataka kunikumbatia. Nikajikuta nyuma ya friji. Akamuuliza kaka yake, bibi harusi wako ana nini? Akajibiwa taratibu kwamba mgonjwa ni yeye wifi, hakuambiwa? Akacheka mpaka kifungo kikamkatika, kikabingirika, kikanifuata hukohuko nyuma ya friji. Nikapiga yowe.

Ndipo mume wangu akaleta gauni. Mgongoni, zipu. Alijua tangu uchumba, eti kila nikimshika mkono naruka pale penye kifungo cha shati. Hata suti ya harusi aliitia zipu. Mimi nilidhani ni fasheni! Na vile vifungo kumi na viwili alivitaja tu ili nikiri mwenyewe. Nimelia begani kwake. Nimeapa sitaficha tena kitu, kwa yeyote.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Kanunua makochi mapya, kila mto una vifungo vinne, anataka tuwe wa kwanza kuyakalia. Nimwambie ukweli, na alivyofurahi vile? Nitasema mwanawe anaogopa makochi, tutakaa mkekani. Jina la ugonjwa nitalitafuta saluni kesho. Nimemwahidi mama: kabla mwezi haujaisha, tutafika.