Blanketi la Baba Mkwe

Jumapili, 10 Agosti
Ushindi! Ruhusa imetoka. Arbab, bosi wangu, amesaini bila hata kunitazama usoni. Alhamisi napanda ndege, Jumamosi natoa posa Kibosho, kwa kina Emiliana. Mbuzi wako tayari, pombe ya mbege inapikwa, kaka yangu anasimamia. Kimebaki kitu kimoja: blanketi la baba mkwe. Mzee ametuma ujumbe mwenyewe. Anataka zito, la Dubai, na nisipofika nalo nisihangaike kupiga hodi. Posa hii imeshaahirishwa mara moja kwa ajili yangu. Hakuna ya pili.

Nimelipata Bur Dubai. Rangi ya damu ya mzee, simba mzima katikati, macho ya kijani. Muuzaji amesema ukijifunika huwezi kugeuka. Hilo hilo!

Kasoro ndogo. Lina kilo nane. Begi kubwa limeshajaa kilo zote thelathini: birika, manukato, viatu vya mashangazi saba. Mzigo wa mkononi mwisho kilo saba. Nickson, ambaye begi lake lina nafasi, amejitolea kunibebea. Huyu Nickson nalala naye chumba kimoja kempu ya wafanyakazi Al Quoz, kwao na kwa kina Emiliana kunatenganishwa na mgomba, na eti tunasafiri ndege moja. Mama Emiliana akipiga simu humsalimia yeye kwanza. Sasa aingie Kibosho na simba wangu begani, apigiwe yeye vigelegele? Thubutu! Nimemwambia nina mpango. Sina, ila nitakuwa nao.

Jumanne, 12 Agosti
Ninao! Dukani kuna mifuko ya plastiki yenye kizibo. Unatia blanketi, unafyonza hewa kwa mashine, linakuwa bapa kama chapati. Sasa fikiri. Blanketi nene vile, nusu yake ni hewa. Hewa ikitoka, zinabaki kilo nne, nne na nusu. Nashangaa watu wamesoma miaka yote hiyo na hawajaliona hili.

Jumatano, 13 Agosti
Binamu yangu Frida anafanya kazi za ndani mtaa wa JVC, na madam wake ana mashine ya kufyonza vumbi. Nimepanda basi na simba mapajani. Joto nyuzi arobaini na tatu. Abiria wa pembeni alihama kiti, na mimi ningehama kama ningeweza.

Madam aliposikia habari ya posa akaita watoto wote waje waone. Mashine ikanguruma. Simba akasinyaa taratibu, uso ukawa wa mtu aliyeng'ata ndimu. Bapa kabisa! Tulipiga makofi, madam naye. Frida akauliza kama kweli uzito umepungua. Nilimhurumia, hakusoma sayansi.

Jioni nimeliweka kwenye mzani wa Nickson. Kilo nane. Nimemwambia Nickson mzani wake mbovu. Amecheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 14 Agosti
Naandika nikiwa angani.

Kaunta tulipita vizuri. Dada aliona kitu bapa kwapani, wala hakukipima. Nikamkonyeza Nickson.

Kwenye ukaguzi, afisa mmoja, kifuani ameandikwa Thamer, akasimamisha mashine. Akauliza ni nini kile. Nikasema blanketi la mkwe. Akasema anachokiona ni kitu kimoja kizito kisichoeleweka, nifungue. Nikamsihi kwa Kiingereza, kwa Kiarabu cha stoo ninakofanya kazi, kwa mikono. Akasema khalas, imetosha, akakifungua kizibo mwenyewe.

Psssss!

Simba akavuta pumzi. Akainuka, akajaa meza, akasukuma trei mbili za watu mpaka chini. Foleni nzima simu juu! Thamer alicheka akafuta machozi, akalipapasa, akauliza nimelinunua wapi. Kisha yalla, niondoke nalo.

Niondoke nalo vipi? Haliingii popote. Nikajifunika. Hapo akili ikanijia: wagonjwa hupandishwa kwanza! Nilipofika getini nikakohoa vizuri sana. Labda vizuri mno. Wakamwita muuguzi, Roselyne, na kipimajoto chake. Nyuzi thelathini na nane na nusu. Nani asingechemka chini ya kilo nane za simba? Roselyne akasema bila barua ya daktari sipandi.

Nikaiona Jumamosi yote: wazee wamekaa, mbege imeiva, Emiliana amesukwa, anachungulia barabara, na mimi niko Dubai nimejifunika. Nililia. Ndiyo, nililia, shajara ni yangu.

Nickson akaja. Akamwambia Roselyne kwamba mimi si mgonjwa, ni mjinga, na kwamba haiambukizi. Akanivua blanketi, akanipepea kwa pasipoti yake kama robo saa. Nikapimwa tena: thelathini na sita nukta nane. Tukawa wa mwisho kupanda. Nickson, ambaye hakuwa na mzigo wowote mkononi, aliingia na simba kama wake.

Anadhani ameniokoa. Ukweli ni kwamba mpango wangu ulihitaji msaidizi tu.

Jumamosi, 16 Agosti
NIMEKUBALIWA!

Kibosho baridi kali. Nililiingiza blanketi mwenyewe, Nickson alinikabidhi mlangoni. Baba mkwe hakungoja hotuba, akajifunika palepale mbele ya wazee. Kichwa nacho kikapotea. Kisha akatoa kichwa tu, akasema kijana huyu aje akae hapa, karibu na yeye. Vigelegele! Emiliana alicheka huku analia, na mimi hivyo hivyo. Sijawahi kufurahi namna hii tangu nizaliwe.

Baadaye Nickson akawasimulia ya uwanja wa ndege, yote. Wazee waligaragara. Emiliana akanivuta pembeni, akanishika mikono, akaniomba nimwahidi kitu kimoja tu: sitabuni mipango tena. Nikaahidi kwa moyo wangu wote.

Mama mkwe amenipa mkungu wa ndizi niende nao Dubai. Mzito balaa. Lakini nimelijaribu koti la kaka yangu. Lina mifuko kumi na miwili, na mpaka leo sijaona mtu anapima koti.