Hotuba ya Uzinduzi wa Meno ya Shangazi

Sijawahi kumwambia mtu hili: nikiogopa, huwa nahutubia. Si kwa sauti, la. Mimi ni yule ambaye akiulizwa swali darasani husimama, hutabasamu, hukaa. Nimesomeshwa kwa lugha mbili na zote mbili hunikaukia mdomoni. Nahutubia kwa kalamu, mlango ukiwa umerudishwa. Na leo naogopa, kwa sababu shangazi, mwenye saluni, anasubiri picha yake ichapwe kwenye aproni mpya za zambarau za wasusi wake, na aliyeichora kwenye kompyuta ni mimi. Basi, naomba utulivu ukumbini.

Mheshimiwa Kiti mwenye mguu mmoja mfupi, Mwenyekiti wa kikao hiki; Mheshimiwa Feni, ambaye kwa miaka mingi ametikisa kichwa kukataa kila hoja bila kutoa sababu; Mstahiki Pasi, mlezi wa nidhamu ya makola; waheshimiwa soksi mliopoteza wenzenu; wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Feni anatikisa kichwa.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa unaomstahili mtu wa hadhi yangu, mimi Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kupaka Rangi Nyuma ya Mistari, kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa mradi mkakati ambao, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa na mimi, ukapingwa vikali na mimi, na hatimaye ukapitishwa na mimi kwa kauli moja, utaleta mapinduzi ya kidijitali katika uso wa shangazi. (Vigelegele kutoka kapu la soksi.)

Wako watakaouliza: Mkurugenzi, mistari si inatosha? Ndugu zangu, mistari ni uzio, na uzio si nyumba! Mchoro wa vekta, yaani wa mistari ya kompyuta, usio na mandharinyuma ni mistari myeusi inayoelea hewani kama kamba ya kuanikia isiyo na nguo. Kati ya mstari na mstari hamna kitu, unaona hadi kwa jirani. Ndiyo maana Mamlaka yangu sikivu ikabuni Sera ya Leya, yaani matabaka ya mchoro, ambayo kwayo mistari itakaa juu, umbo la rangi litakaa chini yake, na kila mmoja ataheshimu ngazi yake bila kusukumana.

Changamoto hazikukosekana. Katika Awamu ya Kwanza, rangi iliyotumwa kukaa chini ilikaa juu ya mistari, shangazi akapotea kabisa, likabaki bonge la kahawia lenye umbo la kiazi. Tulilitathmini na kuona lina heleni. Katika Awamu ya Pili, rangi iliyomwagwa ndani ya uso ilitoroka kwenye upenyo chini ya sikio la kushoto, kwa kuwa mstari wa pale haukuungana, ikafurika ukurasa mzima. Upenyo huo tumeuundia tume. (Soksi mmoja: "Tume ina posho?" Kicheko.)

(Sauti kali kutoka jikoni: "We msanii! Fundi wa kuchapa kapiga simu tena, anasema mashine imeshapata moto! Umemaliza au umelala?")

Naomba mama yule asitolewe nje, ana haki yake ya kidemokrasia. Nimemjibu, "Namalizia, shangazi!", neno ambalo kitaalamu hutumiwa na mtu ambaye hajaanza.

Ndugu wajumbe, takwimu hazidanganyi. Weupe wa meno umefikia asilimia mia moja na nne. Macho yako mbele ya ratiba. Gauni liko katika hatua za mwisho za kuingia katika hatua za mwisho. Shahidi ni mdau mkuu mwenyewe, aliyetembelea eneo la mradi juzi, miwani ikiwa puani, akasimama nyuma ya bega langu na kutamka: "Ehee! Huyo ndiye mimi! Tazama meno, kama nimeyafua! Wale wasusi wangu huniuliza, huyu mtoto wa kaka yako ni bubu? Leo nimewaambia, subirini aproni, maneno yake yako vidoleni." (Mkurugenzi anakunywa maji yasiyokuwepo.)

Mistari! (Juu!) Rangi! (Chini!) Meno meupe! (Kwa wote!)

Kwa kuhitimisha, naushukuru kipekee ukurasa wa kompyuta, ambao ni mweupe tangu kuzaliwa, kwa kukubali kusimama nyuma ya mchoro wangu siku ile na kukaimu nafasi ya meno, ya macho na ya gauni. Kwa maana nyuma ya mistari ile, waheshimiwa, tangu zile awamu mbili zifutwe mimi sijapaka kitu, na shangazi aliposifu weupe nilishindwa kusema kwamba anausifu ukurasa. Na ukurasa hausafiri na faili. Kwa fundi itafika mistari mitupu, na nyuma yake kitakuwa kitambaa chenyewe: uso wa zambarau, macho ya zambarau, na tabasamu lililotangazwa saluni nzima, zambarau jino kwa jino. Wasusi watamcheka yeye, si mimi. Mradi haupo. Haujawahi kuwepo. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Hata Feni amesita.)

Ndara za shangazi ziko koridoni. Karatasi hii nilishaikunja niitie chini ya kibodi, zilikolala hotuba zangu nyingine, nimeikunjua tena. Ndara zimefika mlangoni. Naiacha hapa mezani, maandishi yakitazama juu.

Shangazi, soma. Cheka ukitaka. Kisha mwambie fundi azime mashine kidogo, mvute Mwenyekiti ukae, angalia tu huo mguu mfupi, halafu tabasamu kama juzi. Naanza na meno.