Paja la Wagonjwa

Alhamisi, 12 Februari 2026

Jumatano ijayo ni Majivu. Kuanzia hapo hakuna harusi, hakuna posa, hakuna nyama, mpaka Pasaka. Na leo Mzee Bujiku wa Kolandoto ametuma salamu kwamba Jumapili anakuja na mwanawe Adam kumaliza maneno ya Nelly. Binti yangu wa pekee! Akikuta mambo yamekaa vibaya atageuza, na habari ya Pasaka nani anaijua? Kijana mwalimu hakosi mchumba.

Tatizo ni moja. Mzee Bujiku anaamini nina zizi Didia. Nilimwambia mwenyewe. Zizi lilikuwepo kweli, kabla sijauza ng'ombe wote nikaenda kuchimba duara la dhahabu kule Geita, na duara likajaa maji. Hilo la maji sikumwambia. Kwani aliuliza?

Nelly kasema wachinjwe kuku wake wawili, upikwe wali, inatosha, Adam si mtu wa makuu. Nikamwambia hajui dunia. Mkwe akila kuku, atataja mahari ya kuku.

Vumilia, mke wangu, alikuwa anabandua matawi ya mwaka jana juu ya mlango, ayapeleke kigangoni yakachomwe majivu. Akinyamaza hivyo huniudhi kuliko akigomba.

Ijumaa, 13 Februari

Nimepata! Jumapili hiyo hiyo jumuiya yetu ya Mtakatifu Ana inaaga nyama. Kila mwaka, kabla ya Kwaresima, tunakula pamoja nyumba kwa zamu, mpaka mtu ashindwe kuinuka. Na mwaka huu Ndaki, kijana wetu aliyepata mawe ya maana Geita, ametoa dume. Dume zima! Mimi miaka yote ile kule nilipata kikohozi.

Zamu ni ya Jilala, mwenyekiti wa jumuiya. Ya nani tena? Jilala ana bati, ana ng'ombe, ana pamba shambani. Jilala ndiye baba wa ubatizo wa Nelly. Cherehani anayoshonea Nelly pale Tinde sokoni alinunua Jilala, mimi nikiwa duarani. Watu hawachoki kunikumbusha.

Sasa sikia. Dume lichinjiwe kwangu! Mzee Bujiku aingie, akute ng'ombe kalala juu ya majani, wanawake wamejaa jikoni, masufuria yanatokota. Aulize nini tena? Mimi sitadanganya hata neno moja. Nitakaa tu kwenye kiti.

Jumamosi, 14 Februari

Sala ya jumuiya. Baada ya rozari nikasimama, nikasema kwa uchungu mkubwa kwamba nyuki wameingia kwenye mwarobaini wa Jilala, nimewaona kwa macho yangu, tusije tukaumiza watoto. Nikajitolea uwanja wangu. Nilijiandaa kwa mabishano. Jilala akasema ahsante ndugu yangu Donatus, umetupunguzia kazi. Basi! Hata kubisha hakubisha. Mtu wa hivyo unapigana naye vipi?

Akaongeza jambo moja: kama kawaida, paja moja la nyuma lisiguswe, ni la wagonjwa. Jumapili jioni linakatwa na kupelekwa nyumba kwa nyumba kwa wasioweza kutoka, kuanzia Bibi Nyamizi ambaye miguu imekataa. Nikaitikia amina. Nilikuwa nawaza viti.

Nimemwambia Vumilia mpango mzima. Akauliza, na Mzee Bujiku akiona watu wote wale? Nikajibu ni ukoo wangu. Akaniangalia sana, halafu akaenda kufunga mbuzi. Tuna mmoja.

Jumapili, 15 Februari



Mwanzo ulikuwa mtamu, Mungu ni shahidi. Mzee Bujiku kashuka kwenye pikipiki ya Adam, kofia mkononi. Kaona dume. Kaona moshi. Kaona akina mama wamevaa sare wanapeta mchele. Nikamwona anameza mate. Kila aliyepita nilimtambulisha kwa sauti ndogo: shangazi, binamu, mjomba. Walipoanza kuimba na kusali akashangaa kidogo. Nikamwambia ukoo wetu una dini sana. Wanajumuiya nao niliwaambia hawa ni Wakristo wenzetu wa Kolandoto, wamepita kusalimu. Wakawapa tumsifu Yesu Kristo, wale wakaitikia milele amina. Nani atajua?

Tukala. Maini kwanza, halafu mbavu, halafu supu. Mzee Bujiku akaniinamia akasema wabeja, ahsante sana, nyumba yako imeshiba, tuyamalize leo. Akataja ng'ombe wa mahari. Idadi yenyewe siiandiki, nitalia. Nelly alikuwa mlangoni, akasikia. Alicheka kama alivyokuwa anacheka akiwa mtoto, mkono mdomoni. Adam akainamisha kichwa. Kwa kitambo kile nilikuwa mtu.

Ningeishia hapo! Lakini mzee akasimama kuaga. Mkwe uliyemchinjia ng'ombe haondoki mikono mitupu, hata mtoto wa Kisukuma anajua. Angesema nini njiani? Nikaingia stoo. Paja lilikuwa linaning'inia peke yake, zuri, nene. Nikalitia kwenye kiroba, nikakifunga kwenye pikipiki ya Adam kwa mikono yangu mwenyewe. Nikasema chukueni, ni kidogo tu, huko Didia wapo wengine.

Hawajawasha pikipiki, Jilala akaingia stoo na kisu. Akatoka. Akauliza paja la wagonjwa liko wapi, Bibi Nyamizi asiyeweza kutembea anasubiri.

Nikapiga kelele, mbwa! Sijui kwa nini nilisema mbwa. Wanaume wakachukua fimbo. Ndaki akavua shati. Kijiji kizima kikaanza kumtafuta mbwa, nami nikiwa mbele naonyesha njia, huku kiroba kinadondosha damu kwenye tairi la Adam.

Mzee Bujiku akafungua kiroba taratibu. Akasema paja ni hili hapa, amepewa na mwenye ng'ombe. Ndaki akasema kwa adabu kabisa, shikamoo mzee, mwenye ng'ombe ni mimi. Mzee akageuka akamwuliza Jilala, wewe si mjomba wa Donatus? Jilala akasema hapana baba, mimi ni mwenyekiti wa jumuiya.



Mzee akalishika paja kwa mikono miwili akamkabidhi Jilala. Akaomba radhi kwa wagonjwa. Akasema alikuja kuomba mke, sasa amefanywa mwizi wa nyama ya bibi asiye na miguu. Mimi hakuniangalia. Wakaondoka. Nelly alikimbia nyuma ya pikipiki mpaka kwenye mnara wa simu, kisha akarudi akitembea.

Jumatatu, 16 Februari

Nelly kahamia kwa Jilala. Kabeba na cherehani.

Jumanne, 17 Februari

Siku ya mwisho ya nyama. Vumilia kachinja kuku wa Nelly, wote wawili, nikafurahi. Kumbe ni wa Bibi Nyamizi! Kajitwika sufuria, kaenda kuomba msamaha kwa niaba ya nyumba. Mimi nimeaga nyama kwa michembe. Viazi vikavu, siku watu wote wanakula mafuta! Na kosa la nani? La Jilala. Angesubiri dakika chache tu aingie stoo, wangekuwa wameshafika barabara kuu.

Jumatano, 18 Februari

Majivu. Foleni ikaniweka nyuma ya Jilala. Baada ya misa akanivuta pembeni. Nelly amekwenda Kolandoto mwenyewe, kampigia magoti Mzee Bujiku. Mzee amekubali kurudi baada ya Pasaka, ila kwangu haingii. Atafikia kwa Jilala, na Jilala atakaa kwenye kiti cha baba. Nelly ndiye kaomba hivyo. Jilala akasema hawezi kukaa bila ruhusa yangu, akaniomba nije tu, nikae kando yake, nisilete kitu, nisiseme kitu. Machozi yalikuwa yanamlenga. Ujanja huo! Nikamwambia akae anavyotaka, kiti ni mbao tu.

Nelly akapita. Shikamoo baba. Marahaba. Majivu yalikuwa yamemdondokea puani. Nilitaka kumfuta. Mkono ukabaki mfukoni, naye akapita. Iliniuma, sifichi, iliniuma hapa kifuani mpaka nikakaa kwenye mzizi.

Ijumaa, 20 Februari

Vumilia kaleta ujumbe wa Nelly. Anasema amenisamehe, na anaomba jambo moja tu: nisifanye kitu chochote mpaka Pasaka. Vumilia akanirudishia mara mbili, chochote. Nikasema nimesikia.

Nimekaa uani nikifikiri. Jirani yetu Akida ameanza mfungo wa Ramadhani. Kila magharibi mkewe anatandika mikeka nje, upande wetu wa ua, maana ndiko kwenye upepo. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga, vikombe vimepangwa. Akida ananikaribisha kila siku. Hakuna kipande cha nyama, kwa hiyo hata mtu wa Kwaresima anakula. Na pale kwenye mikeka Jilala si mwenyekiti wa mtu yeyote. Mgeni akiingia kwa kupitia mlango wangu, atajuaje ua unaishia wapi?

Nelly kasema nisifanye kitu chochote. Sifanyi! Anayepika ni Akida. Kesho asubuhi naenda Kolandoto kumwalika Mzee Bujiku.